Faili Halina Bosi

Siku yangu ya kwanza kazini kama fundi wa kompyuta, mjini Biharamulo, mkuu wa kitengo alinionyesha kompyuta moja kubwa yenye kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati zote. "Hii ndiyo roho yetu," alisema. "Ikizimika, tumezimika." Niliitikia, lakini moyoni nilikasirika. Wilaya nzima itegemee mashine moja?

Kabla masika hayajaisha, radi ikaiunguza. Nesi wa zahanati ya Runazi akanipigia simu akiwa na mtoto mwenye homa kali. "Fundi, mama yake anasema kuna sindano ilitaka kumuua alipotibiwa zahanati ya Kaniha. Jina halikumbuki. Sasa nimchome ipi?" Faili lake lilikuwa ndani ya mashine iliyoungua. Mtoto alipakiwa kwenye pikipiki hadi hospitali, akafika amelegea. Alipona, ila mimi hasira haikuniisha.

Kumbukumbu zilipookolewa kwenye mashine ile, ndipo tukagawa mafaili, yakiwa yamefungwa kwa nywila, kwenye kompyuta za zahanati zote, kila moja sawa na mwenzake, bila bosi. Kazi ikawa kuyatafuta. Mwanzoni kompyuta iliuliza wenzake wote, nao wakauliza wenzao, mpaka mtandao ukaelemewa. Mkuu akacheka. "Umetuletea gulio!"

"Hata gulioni," nikamjibu, "anayetafuta mtu wa Kaniha haulizi kila mtu. Anauliza wanaotoka upande huo."

Basi kila faili tukalipa namba, na kila kompyuta namba yake. Faili hutunzwa na kompyuta kadhaa ambazo namba zao zinakaribia namba yake. Kila kompyuta inajua majirani wachache tu. Ukiuliza, swali hupelekwa kwa jirani aliye karibu zaidi na namba hiyo, naye hulisogeza mbele, na baada ya miruko michache limefika. Moja ikizimika, zilizobaki hubeba mzigo wake.

Mvua kubwa ilipozima tena mitambo ya mjini, nesi yule yule akapiga simu. Mtoto alikuwa mbele yake, anaumwa tena. "Fundi, faili lake nimelipata! Ile sindano simchomi. Sijui hata limetoka wapi."

"Wala huna haja ya kujua," nikamwambia, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mkuu mpya aliuliza mbele ya watu, "Mzee, ukiondoka tutafanyaje?" Nikaizima kompyuta yangu, iliyokuwa mtandaoni tangu mwanzo, nikamwomba nesi yule wa Runazi, aliyekuja na kompyuta yake, atafute faili lililokuwa likitunzwa kwangu. Likaja papo hapo. Watu wakapiga makofi. Nilijivuna sana, vijana wangu, na nikaumia kidogo, sifichi: hakuna hata mashine moja iliyoniulizia.