Mchemsha Chai Aliyegoma Kufunga Hujra ya Gavana

Saa kumi na moja alfajiri, Zarwali anapuliza makaa chini ya birika kubwa la shaba huku akiyatukana. Chai ya kijani inatiwa iliki, vikombe vinapangwa vya watu thelathini. Siku hizi wanakuja wanne, akiwemo mwandishi wa makala haya.

“Kunywa,” anasema. “Afadhali wewe huna aibu.”

Hii ni hujra ya Jandad Khan, gavana wa jimbo: baraza ya wanaume, wazi kwa yeyote anayepita. Hapa ndipo Khan alipoanzia siasa akiwa diwani. Alishindwa ubunge mara mbili, akalia mbele za watu, akashinda mara ya tatu. Alipofungwa jela kwa kuongoza maandamano, Zarwali aliendelea kuchemsha chai bila mshahara, akauza mbuzi wake anunue sukari.

Mwaka jana rais akamteua gavana. Khan akaachia kiti cha ubunge, akahamia Peshawar, mji mkuu wa jimbo. Kijiji kilipiga ngoma hadi zikapasuka.

Ikaja Idi. Khan alirudi kusalimia watu, na walinzi wake wakasimama mlangoni wakimuuliza kila anayeingia, “Una shida gani na mheshimiwa?”

Swali hilo huku haliulizwi. Mgeni hunywa kwanza, hula, akitaka atasema, asipotaka ataondoka na lake moyoni. Haji Painda, aliyempigia Khan kampeni tangu udiwani, aligeuka akaenda zake. Ukoo mzima ukamfuata, na tangu hapo hawajakanyaga tena.

“Khan alikuwa ndani anacheka na wakubwa,” anasema Zarwali. “Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilitamani ardhi inimeze.”

Siku chache zilizopita katibu wa gavana akaja na agizo: hujra ifungwe kwa sababu za usalama, wenye shida waombe miadi Peshawar. Akataka ufunguo.

“Ufunguo gani, mwanangu?” Zarwali akamjibu. “Mlango huu hauna kufuli. Mwambie Khan aje aufunge mwenyewe, atanikuta nachemsha maji.”

Jioni hiyo simu ikalia, ni Khan. Zarwali anaigiza sauti zote mbili bila haya.

“Zarwali, siku hizi gavana ni wewe?”

“Gavana ni wewe, Khan. Ndiyo maana huna habari za nyumbani kwako.”

Akamweleza ya Haji Painda. Khan akauliza afanyeje.

“Ijumaa uende kwake kwa miguu, na kondoo, umwombe radhi. Ukija na msafara wako, mimi simo.”

“Nitaangalia ratiba.”

“Haya, angalia.”

Ijumaa ni kesho na Khan hajajibu. Kondoo yuko uani, kanunuliwa na Zarwali.

“Asipokuja naenda peke yangu, niombe radhi kwa niaba ya nyumba hii. Haji akinifukuza, nitarudi Ijumaa nyingine. Nitamchosha.”

Anaulizwa kwa nini ajitese hivyo, ilhali mwenye hujra anaishi kwenye jumba mjini.

“Ugavana kapewa na mtu mmoja,” anasema, akijaza kikombe cha mgeni bila kuuliza. “Mtu huyo akiamka vibaya, anamnyang’anya. Atarudi hapa, hana pengine. Nataka siku hiyo akute watu.”