Madini Joto ya Mama

Mama yangu alijikwaa kwenye jiwe nje ya mlango wetu, Ilemela, ambako mawe ni mengi kuliko watu. Mchubuko ule ukawa donda, kisukari kikalishika, na mwaka ukapita halijafunga. Majirani wakaliita donda ndugu. Daktari alisema lisipoonyesha nafuu, mguu utakatwa chini ya goti. Mimi nililia palepale, na mama akaniambia nifute machozi, watu wasije wakadhani tumefiwa.

Nesi wa zahanati moja kule Nyakato ndiye aliyetuanzishia kitambaa cha dawa. Kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Alieleza kuwa ndani yake kuna iodini inayoua vijidudu vya kidondani, na rangi ikipauka, tujue dawa imekwisha, tubadilishe. Mama akadakia, "Iodini si ndiyo madini joto?"

"Ndiyo hayo hayo, bibi. Ya kwenye chumvi."

Mama alifurahi siku nzima, nami sikuelewa anafurahia nini. Ilipasa nielewe, lakini akili yangu yote ilikuwa mguuni. Mama ana rovu, uvimbe wa shingoni, tangu nikiwa mdogo. Hutoki naye nje kabla hajajizungushia mtandio mpaka kidevuni, jua liwake lisiwake. Na wa rika lake wote wamefundishwa kliniki kwamba rovu huletwa na chumvi isiyo na madini joto.

Donda likaanza kupona kweli. Harufu ilikwisha, nyama ikawa nyekundu, kingo zikaanza kusogeleana. Nikawa nampigia kaka yangu simu kumtangazia kana kwamba mtoto ameota jino. Lakini wakati mguu unapona, mwenye mguu alikuwa anaisha. Mikono ilimtetemeka hadi kikombe kikagonga sahani. Alitoka jasho asubuhi ya baridi, upepo wa ziwa ukivuma. Ukimwekea kiganja kifuani, moyo unakimbia kama wa aliyepanda kilima. Tulipima malaria, hakuna. Sukari ilikuwa mahali pake. Jirani akasema amerogwa, mwingine akaleta wanamaombi, na mimi kwa siku moja niliweza kuwaamini wote wawili na bado nikamlaumu mchuuzi wa dagaa.

Halafu vitambaa vya dawa vikawa vinaisha kabla ya wakati. Nikasingizia panya, nikawategea.

Asubuhi moja mama alisinzia kitini, mtandio ukateleza. Juu ya rovu, kimebanwa vizuri kwa plasta, kulikuwa na kitambaa cha dawa. Nusu ilikuwa bado kahawia, nusu imepauka. Nilimwamsha nikiwa na hasira, nikamuuliza ni kitu gani hiki.

"Hujamsikia nesi?" alinijibu taratibu. "Kinapauka. Dawa inaingia."

Nikampeleka zahanati hivyo hivyo, bila hata kufunga jiko vizuri. Nesi alimwamkia, mama akaitikia marahaba bila kumtazama. Nesi akamwambia, "Bibi, siku ile wewe na mimi tulikuwa peke yetu hapa, nikakuuliza kama una goita. Ukasema huna." Mama akavuta mtandio kidevuni. Daktari akachukua damu, na majibu yaliporudi akasema tezi ya shingoni imechochewa kupita kiasi. Dawa yote ya iodini ikome, ya shingoni na ya mguuni. Madini joto yakikosekana, rovu linaota. Na mwenye rovu la miaka mingi akipewa mengi, moyo unaweza kwenda mbio. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, na mpaka leo sijui nitamwelezaje mtu mwingine. Kilichokuwa kinamwokoa mama ndicho kilichokuwa kinammaliza, na chumvi yetu ile ile bado tunakula.

Nesi akaleta kitambaa cha aina nyingine, kisicho na iodini, akachuchumaa aufungue mguu. Mama akauvuta chini ya kitenge.

"Kama mnanitolea ile ya shingo, na mguu acheni. Ukateni tu."

Nilimwambia anaongea upuuzi. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyosema, mbele ya daktari. Nani huchagua kukatwa mguu kwa ajili ya shingo ambayo haimuumi?

"Siku ya kuniaga," mama alisema, "jeneza watalifungua huku juu. Kanisa zima litapita kunitazama. Miguu haionekani, mwanangu. Shingo inaonekana, na mimi sitakuwa na mkono wa kuvuta mtandio."

Sikujua nicheke, nilie au nimgombeze. Mwaka mzima nilikuwa nakimbizana na mguu, kumbe mwenzangu anatibu kitu kingine kabisa. Nesi alibaki amechuchumaa, glovu mkononi.

Nikamwambia mtandio nitamfunga mimi. Nitasimama kichwani pake mpaka wa mwisho apite, na atakayenyoosha mkono kuugusa, atanikuta.

"Hata kama ni kaka yako?"

"Hata kaka."

Akafikiri. Kisha akautoa mguu kwenye kitenge, akauweka mapajani kwa nesi.