Kuta Zilibaki Silanga, Paa Likahamia Kawangware

Enzi zetu kanisa letu lilikuwa na kuta mtaa wa Silanga na paa mtaa wa Kawangware, na hakuna aliyeona ajabu. Leo vijana wanapiga picha kwenye magofu yale karibu na bwawa, sukuma wiki imeota mpaka madhabahuni, na chini ya picha wanaandika kwamba yalijengwa na Wareno. Nimewahi kukaa asubuhi nzima nikifikiria kama niwajibu. Wareno gani? Baba yangu ndiye aliyepigilia paa lile, na ndiye aliyelibandua.

Tulikuwa wadogo waumini walipokosana. Wengine walitaka ngoma, wengine kinanda cha umeme. Wazee wakakaa, wakanywa chai, wakaamua kugawana kama watu wazima: kuta hazibebeki, basi zibaki na watu wa ngoma, kinanda hakipendi mvua, basi watu wa kinanda wachukue paa. Mama alikuwa wa ngoma. Baba alikuwa wa kinanda, tena fundi. Siku ya kubandua, Mama alisimama chini ameshika kiuno.

"Baba Nafula, shuka!"

"Nashuka, Mama Nafula. Lakini nashuka na mabati."

Katikati ya wiki kuta zile zilikuwa zetu watoto. Tulicheza kati ya kukwepa mpira na kalongolongo ya kupikapika humo ndani, vidole vikinuka mafuta ya mandazi, mpaka tuitwe kuoga. Jumapili ndiyo ilikuwa shida. Nikienda na Mama, jua lilitupiga utosini, na mvua ikinyesha ngozi ya ngoma ililegea, ibada ikasimama mpaka ikaushwe kwenye jiko. Nikienda na Baba, tulitembea hadi Kawangware, nyuma ya steji ya matatu iitwayo 56, ambako paa lilikaa juu ya nguzo tupu na mbuzi walipita katikati ya mahubiri.

Jambo hilo lilininyima raha. Silanga maombi yalipanda moja kwa moja, hilo nililielewa. Lakini Kawangware yaligonga bati, na bila ukuta lazima yalitokea pembeni, yakaingia saluni ya jirani. Je, kama aliyekuwa akibarikiwa ni yule msusi? Nilimuuliza Mama. Akasema, "Wewe utamaliza akili kabla ya kumaliza shule."

Kisha dada yangu Nafula akapata mchumba, na akatangaza mbele ya ugali kwamba haolewi mpaka awaone wazazi wake kwenye benchi moja.

"Kawangware siendi," Mama akasema. "Mahali hakuna ukuta? Watu wa steji wamwangalie mtoto wangu akiapa kama wanaangalia mechi?"

"Na mimi Silanga siendi," Baba akasema. "Nianikwe juani kama omena?"

Nafula akasukuma sahani. Wiki zikapita, mchumba akaanza kukonda.

Wazee wakakaa tena, chai ikachemka tena. Wakakubaliana paa lije Silanga kama mgeni. Lakini lisipigiliwe msumari hata mmoja, maana msumari ungemaanisha kanisa limerudiana, na hilo hakuna aliyekuwa tayari kulisema. Litashikwa kwa mikono.

Basi mabati yakapakiwa kwenye mikokoteni. Pale Soko la Toi mama mmoja akatusimamisha: "Hizo mabati mnauza?"

"Hii ni kanisa, mathe," akajibu msukuma mkokoteni. "Inaenda harusi."

Kufika Silanga, wanaume wa kinanda wakapanda juu ya mabenchi, wakainua mabati juu ya vichwa vyetu. Pasta akaanza kuhubiri kuhusu umoja, na mvua ikaanza naye.

"Pasta, fupisha!" mtu akalia kutoka juu. "Mkono inakufa!"

Hatimaye akamuuliza Nafula kama anakubali. Nafula akageuka. Mama alikuwa peke yake kwenye benchi la mbele. Baba alikuwa amesimama juu ya benchi jingine, mikono hewani.

"Baba akae kwanza."

"Nikikaa, bati nalo?"

Nilimwona Nafula akizeeka pale pale na shela yake. Ndipo Mama akasogea, akapigapiga benchi. "Leta hilo bati lako hapa, Baba Nafula."

Baba akashuka nalo, akaketi, na wakalitua vichwani mwao, wote wawili, maji yakimwagika begani kwa Baba.

"Nakubali!" Nafula akasema haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Paa lilirudi Kawangware, lakini bati lile lilibaki. Baba alisema fundi hawezi kuacha kazi yake bila mlinzi, akaja kulilinda kila Jumapili, kwenye benchi la Mama, mpaka waumini wa pande zote mbili walipohama mmoja mmoja na makanisa yote mawili yakaisha.

Siku hizi vijana wakikosana wanatoka tu kwenye grupu la WhatsApp. Hawabandui kitu, hawabebi kitu, hakuna anayesimama chini akiwaita washuke. Mimi mwenyewe nilitoka kwenye grupu la wenzangu wa chuo, na mpaka leo sijui kama kuna aliyegundua.