Safari ya Barazani

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya shirika la misaada pale Nyamiaga, Ngara. Mimi ni wa darasa la saba, na Kiswahili nilikikuta shuleni, nyumbani kwetu hakikusemwa. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyekuwepo na anakumbuka vingine, huenda yeye ndiye mwenye haki. Lakini dharau niliyokuwa nayo naikumbuka vizuri. Hiyo ni yangu, hakuna wa kunisahihisha.

Wazungu wa nyumba ile walikuwa wanapanga safari ya likizo. Kila jioni wakimaliza kula, hata sahani sijatoa, wanatandaza ramani ya kusini mwa Afrika kwenye meza ya barazani. Pembe moja wanaikandamiza kwa kibakuli changu cha chumvi ili upepo usiipeperushe. Halafu wanaanza. Mmoja anataka Botswana kwa sababu ya tembo. Mwingine anasema tembo ni tembo, yeye anataka jangwa la Namibia. Wa tatu anaogopa mbu. Jamani, mtu anakaa Ngara, mbu wanamla kila siku, halafu anaogopa wa Zimbabwe! Walibishana juu ya hema na hoteli, juu ya kwenda na darubini moja au kila mtu na yake. Mimi nimeona wanawake waliovuka daraja la mpakani na watoto mgongoni na godoro kichwani, wameamua kuondoka kwa muda wa kufunga kanga. Hawa, kwa mwezi mzima, walishindwa kuamua waanzie wapi.

Najua mfano huo si wa haki. Wale walikimbia, hawa walikuwa wanataka kupumzika. Na walistahili kupumzika, niseme ukweli. Nilimwona mmoja wao ametoka kambini wakati wa kipindupindu, akaja jikoni, akajifuta uso na kitambaa changu cha vyombo. Sikumdharau siku ile. Ila siku ile hakuwa na ramani.

Neno lenyewe, safari, lilinisumbua. Dereva wa nyumba, kijana wa familia ya dukani pale mjini, watu wao walitoka pwani, ndiye aliyenieleza.

"Mama, kwao safari ni kuangalia wanyama. Bila mnyama siyo safari."

"Basi mimi sijawahi kusafiri."

"Wewe? Hata ukifika Ulaya, kama hukuona twiga, ulikuwa unazurura tu."

"Na msitu wa Biharamulo? Si una wanyama?"

Akacheka. Msitu ule waliupita mara kwa mara wakienda Nyantakara na kwingineko, magari yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, vioo juu, nusu yao wamelala. Simba angeweza kusimama kando ya barabara akawapungia mkono. Lakini majambazi walikuwepo kweli, na mimi pia nilipopita huko nilifumba macho.

Nilikuwa na haja moja tu na safari yao, nayo ni siku ya kuondoka. Mdogo wangu wa kiume kule Ntobeye alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Kwetu shangazi ndiye anayemtoa bi harusi chumbani na kumsindikiza hadi kwa wakwe. Akikosekana, anatafutwa mwanamke mwingine wa ukoo, na ndoa inafungwa vilevile. Lakini binti anakwenda amepungukiwa, na maneno yanamfuata. Shangazi yake nilikuwa mimi peke yangu.

Mkubwa wa nyumba alikuwa nesi mmoja mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu. Aliniambia mwenyewe, "Mama, sisi tutakwenda safari Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wewe utapumzika." Nikapeleka habari Ntobeye. Mdogo wangu akaja sokoni kunitafuta.

"Dada, una hakika? Maana nikishavundika ndizi sina la kufanya."

"Ni wazungu hao, wana ramani."

"Ramani ni ya njia. Siku je?"

Nilimwona mkaidi. Wakapanga Jumamosi inayofuata Ijumaa hiyo, na kanisani wakatangazwa.

Kwa asiyejua kuvundika: ndizi za pombe hufukiwa shimoni, zikafunikwa majani na udongo, zikaiva kwa joto. Zikiiva zinakamuliwa siku hiyohiyo, na pombe yake ikishaumuka inywewe, la sivyo inakuwa siki. Ukifukia ndizi umefunga siku. Hata askofu hawezi kuisogeza. Mdogo wangu alifukia zake Jumapili ya kabla ya harusi.

Jumapili hiyohiyo asubuhi dereva aliniambia, "Mama, leo jioni kuna kura barazani. Watakuwepo wote, na wale wa nyumba ya pili."

Sasa, kwetu watu wengi hawatenganishi r na l. Mtu anakwambia karibu kura, na wewe unakula. Sikio langu limezoea kusahihisha lenyewe. Kijana huyu ni wa watu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka, lakini alizaliwa Ngara, nikadhani ulimi wetu umeshamwingia. Nikasema, hawa wanaagana kabla ya kuondoka. Nikachinjisha mbuzi. Nikapika ndizi, maharage na chapati, nikapanga sahani zote za nyumba.

Walifika, wakaona chakula, wakapiga makofi. Walikula mpaka wakafungua mikanda. Ramani ilibaki imekunjwa juu ya kiti. Mwisho nesi akaja jikoni, uso umemwiva kwa furaha.

"Mama, asante sana! Tumeshiba, hatuwezi kufikiri. Tutapiga kura Jumapili ijayo. Safari itakuwa baadaye."

Nilishika meza. Dereva alikuwa mlangoni anajishika mbavu.

"Nilisema kura, mama! Ku-ra! Wachague waanzie nchi gani! Wewe umewachinjia mbuzi!"

"Ungesema kupiga kura, mjinga wewe!"

"Ningejuaje kwamba Ntobeye mnapiga kwa meno?"

Sikucheka. Ndizi zilikuwa shimoni.

Kesho yake nilimweleza nesi habari ya harusi. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema, "Harusi iende mbele wiki moja tu."

"Haiwezekani. Ndizi zimeshavundikwa."

"Ndizi?"

"Ndiyo. Zimevundikwa."

Akachukua kitabu chake cha maneno, akatafuta kwa kidole, akaniangalia kwa huruma. "Oo, zimevunda! Zimeoza! Pole sana, Mama. Tutakununulia nyingine."

Ningeweza kumweleza upya. Labda nilipaswa, pole yake ilikuwa ya kweli, na maelezo yangu yalikuwa mafupi. Lakini nilimtazama mtu mzima aliyeshindwa mwezi mzima kuchagua tembo wa kuwaangalia, anauambia ukoo wangu usogeze siku, nikaona nitapoteza mate yangu bure. Nikasema ahsante, nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa asubuhi nilitenga chai, nikampa mlinzi funguo za stoo, nikavaa kitenge changu kizuri. Wakubwa walikuwa barazani.

"Ninakwenda safari," nikasema.

"Wewe pia!" Nesi akafurahi kabisa. "Utaona wanyama gani?"

"Mbuzi."

Wakacheka. Nilipowaambia nakwenda Ntobeye, kwenye harusi, kicheko kikakatika.

"Nani atapika?"

"Maharage yako kwenye sufuria kubwa. Wali mtapika wenyewe, ni maji na moto tu."

"Mama, sijui kama ukirudi utakuta kazi." Nesi alilisema bila ukali, kama mtu anayesoma kanuni iliyobandikwa ukutani. Na kazi ile niliitaka, nisijifanye shujaa hapa. Nikatoka getini hivyohivyo.

Niseme mapema nisisahau: kazi niliikuta. Sufuria nayo niliikuta, imeungua nje na ndani. Na walikwenda kweli, baada ya kura nyingine nyingi, wakarudi na picha ya tembo ambayo ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikataa.

Ijumaa ile dereva, aliyekuwa anapeleka gari kambini, alinichukua mpaka njia panda. Njiani hakunitania hata kidogo. Niliposhuka ndipo akasema, "Leo nimemsindikiza msindikizaji. Shikamoo, shangazi wa bi harusi."

"Marahaba. Na ujifunze kusema."

Ntobeye nilifika wanakamua. Mdogo wangu alikuwa amekunja suruali, mikono imejaa mapovu na nyasi. Aliniona, akanipa kibuyu cha togwa ya ndizi, nikanywa nikiwa nimesimama.

Jumamosi asubuhi niliingia chumbani kwa binti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefunikwa, na mashangazi wa kuazima, wasio na habari kwamba nilifika jana yake, walikuwa wameshajipanga ukutani. Waliponiona wakasogea. Akafunua uso kidogo.

"Shangazi! Mama alisema hutakuja. Wazungu wako wameshasafiri?"

"Hata. Wangali wanapiga kura."

"Kula?" Akashangaa kwa macho yote. "Mpaka leo wanakula tu?"

Ukuta mzima wa wanawake ukaangua kicheko, na mimi, niliyekuwa sijacheka tangu siku ile ya mbuzi, nikacheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikamfunika uso vizuri, nikamshika mkono, tukatoka.