Makaa ya Akiru Hayana Moshi

Jua la asubuhi limeanza kuchoma kwenye lango la soko la kambi ya Kakuma. Akiru Ejore anaweka kipande cha kaa kwenye jiko la bati, anakipuliza hadi kinakuwa chekundu. Hakuna moshi. Kila muuzaji hapa huwasha kaa moja mbele ya mnunuzi, kuonyesha kwamba mti uliiva vizuri tanuruni.

"Ona mwenyewe, mama," anamwambia mkimbizi mmoja. "Lakini usiingize ndani. Usilale nayo."

Mwanamke yule anasita, kisha anasogea kwa Asekon, muuzaji wa jirani.

"Umefukuza mwingine," anasema Asekon akicheka. "Wewe unauza makaa ama unauza matanga?"

Akiru huchoma miti ya mathenge kando ya mto Tarach. Zamani magunia matatu yaliisha kwa wiki. Sasa moja linamshinda.

Mteja wake mkubwa alikuwa Abuk, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Wakawa marafiki. Abuk alimtembelea nyumbani, akaona watoto wamelala karibu na makaa ndani ya akai, kibanda cha Kiturkana cha vijiti na makuti. Hakuna aliyewahi kudhurika.

Aprili mwaka huu wa 2013 mvua ilikaza, na Nyibol, binti wa Abuk, akashikwa na kikohozi. Abuk akaingiza jiko ndani kama alivyoona kwa rafiki yake. Lakini nyumba yake ni ya matofali ya udongo na paa la bati, na dirisha limezibwa kwa plastiki kuzuia vumbi. Mumewe, Ayuen, aliporudi kutoka Lodwar, aliwakuta wote wawili wamekufa.

"Walikuwa kama wamelala," anasema Ayuen.

Kambini ikavuma kwamba Mturkana ametia sumu kwenye makaa.

Opondo, mwalimu wa kemia, alikuja sokoni kueleza. Alisema kilichowaua ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Makaa ya mtu yeyote huitoa. Katika akai upepo huipeperusha. Akaeleza pia kwamba gesi hiyo imo katika anga za sayari nyingine, na kwamba viwandani hupitishiwa umeme ikatoa mwali usioonekana, unaokata hata kioo.

"Huko kwenye sayari kuna watu?" Akiru alimuuliza.

"Hakuna, mama."

"Basi huko haina wa kulaza."

Wauzaji wenzake wanamtaka anyamaze. "Wakidhani ni makaa yako tu, njaa ni yako," anasema Asekon, safari hii bila kucheka. "Ukiwaambia ni makaa yote, njaa ni yetu."

Akiru anaendelea kuwaambia.

Karibu na adhuhuri Ayuen anafika na mkebe wake. Anampita Asekon, anasimama mbele ya Akiru.

"Ejok," Akiru anamsalimu.

Ayuen haitikii. Akiru anampimia, anaongeza vipande viwili juu. "Usiingize ndani," anasema kwa sauti ya chini.

"Najua, mama."

Akiru anamfuata kwa macho hadi anapotea kati ya vibanda vya mabati.

"Ile plastiki bado iko dirishani, nimepita nikaona," anamwambia Asekon. "Siku akiitikia salamu yangu, nitamwomba niende niitoe kwa mkono wangu."