Mama Mkwe Anasema Simpi Chakula

Jina langu lifichwe, maana hapa Huruma gazeti moja husomwa na ploti nzima. Nina miaka ishirini na tisa na mtoto mmoja. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha nguo hapa Eldoret. Mwaka jana alimtoa mama yake shambani Moi's Bridge tukae naye, kwa sababu alikuwa anawasha moto na kuusahau.

Huyu mama anakumbuka kila mwanamke aliyechimba naye mtaro wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, mpaka nani alikuwa mvivu. Lakini githeri ya saa saba, ikifika saa nane ameshaisahau. Anabeba kiti, anakaa mlangoni na kuwaambia wapita njia, "Hapa mimi sipewi chakula." Majirani wanamletea uji huku wakinitazama kwa jicho baya. Mwenyekiti wa kina mama wa tawi la chama alikuja kunionya. Daktari alisema ni uzee tu, akatupa vidonge vya vitamini. Mume wangu naye ananiuliza, "Kwani mama yangu ni mwongo?" Nimechoka, nasema wazi. Siku moja niliacha sahani yake mezani bila kuiosha, iwe shahidi wangu. Akaniuliza ni nani mchafu hivyo.

Sasa kosa langu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hivyo binti yangu wa miaka mitatu ni Wambui kama nyanya yake, na tunamwita mami kwa heshima ya hilo jina. Jumanne iliyopita hasira zilinishinda. Nilijiambia, kama ni kusemwa, basi leo nisemwe kwa haki. Nikapakua chakula cha mtoto peke yake. Mama mkwe alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mtoto alikuwa anasumbua, nikawa nambembeleza, "Wambui, kula mami. Kula ushibe. Haya, kijiko kimoja cha mwisho."

Saa kumi na moja mume wangu alirudi akamkuta mama yake mlangoni, anakataa uji wa jirani. "Rudisha tu," alikuwa anasema. "Leo bibi ya kijana yangu amenilisha vizuri. Ameniita jina langu, akanibembeleza mpaka nikashiba."

Alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu chai ya asubuhi.

Mume wangu aliniomba msamaha mbele ya wote. "Mama Wambui, nilikukosea sana." Niliingia ndani nikampakulia mama chakula, akala kwa mikono miwili, na mimi nikalia jikoni kwa aibu na kwa hasira pia, maana miezi yote niliyompikia nilionekana mbaya.

Sasa majirani wananisifu. Nishaurini, wenzangu, nimwambie mume wangu ukweli? Na nikimwambia, ataamini tena kwamba zile siku zingine nilikuwa nampa?