Mzee wa Uru aliyeingia kwenye seva kama root kwa kuandika jina lake tu

Wakuu salaam, na shikamoo kwa waliotutangulia humu.

Jana nimeona vijana wa IT wanatoana macho kuhusu hole ya memory kwenye mfumo wa kompyuta, ile ambayo mtu wa kawaida anaingia halafu anajikuta na mamlaka yote. Mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kuitumia hole ya namna hiyo kunahitaji akili nyingi na miaka ya kusoma.

Nikacheka peke yangu. Mimi nimeshuhudia ikitumiwa asubuhi baada ya asubuhi na mzee aliyekuwa anaiogopa mouse.

Hii siyo chai. Mambo haya niliyaona mwenyewe na yalikaribia kunitoa kazini. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, Moshi mjini. Kampuni za kupandisha watalii mlimani zilikuwa zinaota kama uyoga. Ukiwa na ofisi yenye kiti na picha ya Kibo ukutani, tayari wewe ni kampuni.

Mimi nilikuwa kijana wa Masama, nimetoka Dar na cheti changu cha kompyuta, najiona nimemaliza. Nikapata kazi kwenye mojawapo ya hizo kampuni. Mwenye kampuni tulimwita Mangi, yaani chifu kwa Kichagga, maana alipenda kuitwa hivyo, na sisi tulipenda kulipwa.

Kazi yangu ilikuwa moja: zamu. Maguide na wapagazi walikuwa wanagombana kila siku kuhusu nani anapanda na nani anabaki. Mangi akaona kompyuta itamaliza ugomvi, kwa sababu kompyuta haina ndugu.

Nikafunga seva. Mfumo wake siutaji, ila ulikuwa wa familia ya Unix, ulikuja kwenye CD ya kunakiliwa. Juu yake nikaandika programu ndogo ya zamu, kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe.

Pale mapokezi nikaweka kompyuta moja. Mtu anafika asubuhi, anaandika jina lake, anajiandikisha, basi. Hakuna password, maana hakuna cha kuiba. Aliyeweza kupanga zamu ni root peke yake, na password ya root nilikuwa nayo mimi, nikipanga kwa orodha anayonipa Mangi. Root ndiye mwenye nyumba, kwa wasiofahamu.

Halafu nikabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: ANDIKA JINA LAKO KAMILI.

Hiyo karatasi ikumbukeni kidogo. Maguide wote waliipuuza. Waliandika "Deo", "Rasta", "Babuu". Mmoja aliandika "Mimi".

Mambo yalienda vizuri mpaka msimu wa baridi ulipoanza, ule wa ukungu mpaka mjini, na wageni wakamiminika. Siku moja Deo akaingia ofisini amevimba. Deo alikuwa mpwa wa Mangi, guide pia. Amezoea kushuka mlimani Jumamosi na kupanda tena Jumatatu, na sasa jina lake lilikuwa kule chini.

Mangi akaniita. Nikaangalia kumbukumbu za seva. Kweli, kuna mtu anaingia kama root asubuhi, kupitia kompyuta ya mapokezi, na anapanga zamu upya.

Nikabadilisha password. Kesho yake root kaingia tena. Nikabadilisha nikaweka ndefu mpaka mwenyewe nikawa naisahau. Akaingia tena, bila hata kukosea mara moja.

Mangi hakupiga kelele. Aliniambia kwa utulivu, na huo utulivu ndio ulinitisha: "Kijana, mwenye ufunguo ni wewe. Unawauzia watu zamu. Mpaka wiki iishe uwe umeniletea mwizi, au ulete funguo za ofisi."

Wakuu, niliogopa. Nyumbani Masama walikuwa wanawaambia watu kanisani kwamba mtoto wao anafanya kazi ya kompyuta. Kufukuzwa kwa uvivu kunasameheka kwetu. Kufukuzwa kwa wizi, hata kama hujaiba, kunakufuata mpaka siku ya kuposa.

Kesho yake sikwenda kunywa chai. Nikakaa kwenye kona ya mapokezi, nimejifanya natengeneza printer.

Walikuja maguide, wakaandika majina yao ya mkato, wakaondoka. Akaingia Meku.

Meku ni mzee, kwa Kichagga. Huyu alikuwa guide mkongwe kuliko wote pale, Mkatoliki wa Uru, mtu wa kuvua kofia akiingia ofisini hata kama ofisini hakuna mtu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi mbele ya kompyuta, akaisoma ile karatasi yangu ukutani taratibu kama vile ni mara ya kwanza. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

Aliandika jina la ubatizo. Akaandika la kipaimara. Akaandika alilopewa na babu yake, kisha la baba, la huyo babu, na la ukoo. Halafu, kwa kuwa ukoo wao una watu wengi, akamalizia na kijiji na upande wa mto. Mimi Mlutheri wa Masama nina jina moja la ubatizo na nimeridhika nalo, kwa hiyo nilikuwa natazama kwa mshangao tu.

Jina lote silitaji hapa. Nachelea seva ya humu nayo isije ikafunguka.

Akabonyeza Enter. Kioo kikaandika: "Karibu Msimamizi. Unataka kubadilisha nini?"

Nusu niangushe printer.

Kwa wasio wa IT, mambo yalikuwa hivi. Mfumo ulitenga nafasi ndogo kwenye memory ya kuweka jina, na hakuna aliyepima urefu wa linaloingia. Jirani kabisa na hapo ndipo mfumo ulipoweka cheo cha aliyeingia. Ni kama nduwa, lile bwawa dogo la mfereji wetu wa kumwagilia: ukiingiza maji kuliko uwezo wake, hayakuombi ruhusa, yanashukia kwenye kihamba cha jirani, yaani shamba lake la migomba. Jina la Meku lilijaza nafasi yake, ukoo ukamwagikia kwenye cheo, na mfumo ukaona cheo, ambacho kwa mtu wa kawaida ni sifuri, siyo sifuri tena. Akawa root.

Mimi mwenyewe niliwahi kujaribu kuivunja ile seva nikashindwa. Mzee kaivunja kwa heshima ya mababu.

Kesho yake nikaenda kwa Mangi mbio, nimefurahi. Meku sikumtaja. Mzee kama yule akiitwa mwizi mbele ya watoto wa juzi, ningewezaje kumtazama tena? Nikasema nimepata tatizo, liko kwenye mfumo wenyewe, njoo nikuonyeshe.

Pale mapokezi nikaandika herufi A nyingi mfululizo, nikabonyeza. "Karibu Msimamizi."

Mangi akanitazama. "Kwa hiyo unajua kuingia bila password."

"Ndiyo Mangi, ndiyo shida yenyewe."

"Na unasema siyo wewe."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hawafundishi chuo. Ukionyesha mlango mbovu, wewe ndiye unayeonekana umepita. Nikamweleza habari ya nduwa na mfereji, na aliielewa vizuri kabisa, kazaliwa kihambani. Tatizo ni kwamba aliielewa kupita nilivyotaka. Akasema, "Na kwetu aliyekutwa amesimama kwenye maji ndiye aliyeyafungulia. Lete funguo."

Nilikuwa nimeshazitoa mfukoni. Naapa nilikuwa nimezishika mkononi, nawaza nitawaambia nini nyumbani.

Mlango ukafunguliwa, Meku huyo. Ilikuwa saa yake.

Akavua kofia, akamsalimia Mangi, akaomba radhi kwa kutuingilia, akaketi. Akaandika. Kidole kimoja, jina kwa jina, mimi na Mangi tumesimama nyuma yake kama wafiwa. Kijiji. Upande wa mto. Enter.

"Karibu Msimamizi. Unataka kubadilisha nini?"

Meku akageuka. Akasema, "Mangi, nilikuwa sijapata nafasi ya kukushukuru kwa cheo hiki."

Mangi akainama kukisoma kioo upya.

Meku akaendelea kwa upole, anadhani anatoa ripoti. "Nilikuta Deo anapanda, anashuka, anapanda tena, na wenzake wamekaa tu. Nikajua aliyepanga alikuwa na haraka. Basi nikapanga kama tunavyogawa nyama nyumbani. Kila mtu ana kipande chake, hata aliyekuja amechelewa. Na anayegawa anachukua mwisho."

Niliangalia baadaye. Ni kweli. Kila alipopanga, alijiweka mwisho.

Na nikakumbuka kitu kingine. Tangu hizo zamu "zivurugwe", ugomvi wa maguide ulikuwa umekwisha. Aliyelalamika alikuwa Deo peke yake.

Mangi alijikaza. Kumfukuza Meku asingeweza, maguide wote wangemfuata. Akasema, "Asante Meku. Sasa pumzika na kazi hiyo, huyu kijana ataibeba." Mimi akaniashiria nizirudishe funguo mfukoni. Kuomba radhi hakukuwa kwenye desturi za ofisi, na mimi sikudai. Nilikuwa na kazi, jina langu limesafishika, jioni hiyo nilikula kitimoto kwa raha zote.

Nikawaandikia waliotengeneza ule mfumo wa seva kwa email. Wakanishukuru, wakaniita mtafiti wa usalama. Niliichapa ile email, nikaibandika ukutani pembeni ya ile karatasi. Marekebisho yakaja, nikayaweka. Jina likizidi urefu linakatwa, halimwagiki popote. Nilijaribu kila namna, seva haikufunguka.

Mangi akakagua, akaridhika, akasema kama mwenye mali anataka password ya root naye awe nayo. Ni haki yake. Nikampa.

Wiki iliyofuata maguide wakaanza kunung'unika tena mlangoni. Meku akaja, akavua kofia, akaandika jina lake lote. Mfumo ukalikata katikati ya jina la babu yake, ukamwambia "Karibu, jiandikishe." Akatazama zamu kwenye kioo kwa muda. Deo wa kwanza. Mdogo wake Deo wa pili. Yeye mwisho, ila safari hii hakujiweka mwenyewe.

Akaniita. "Kijana, hii kompyuta wameifanyaje?"

"Nimeitengeneza, Meku. Ilikuwa mbovu. Sasa ni nzima."

Akanitazama kwa huruma kabisa, kama anayezungumza na mgonjwa.

"Hapana, baba. Ilikuwa nzima. Sasa ndiyo imeharibika."

Akavaa kofia akatoka. Mimi nikabaki natazama email yangu ya mtafiti wa usalama.

Funzo nililobaki nalo ni hili: pale kwetu kuziba hole kulihakikisha tu kwamba hakuna anayetumia mamlaka ambayo hakupewa. Waliopewa waliendelea kuyatumia.

Haya, wataalamu wa security, na maguide wastaafu kama mpo humu: ile seva ilikuwa salama lini, kabla au baada? Nipigeni mawe taratibu, nipo nasoma.